Usimchukie anayelipa 3,900

Tuanze na hesabu kabla mtu akasirike. Ukiwa na mshahara wa Sh30,000 kwa mwezi, ushuru wa nyumba unakula Sh450. Mwajiri wako anatoa Sh450 nyingine kwa jina lako. Kwa mwaka hiyo ni Sh10,800, na hakuna siku mtu atakupigia simu akuambie uje uchukue ufunguo. Wa laki moja anakatwa Sh1,500 kila mwezi, mwajiri wake vilevile. Haina kikomo, mshahara ukipanda nayo inapanda. Na tangu sheria ya Machi 2024, hata sisi tusio na peislipu, watu wa kazi leo iko kesho haiko, tunatakiwa kutoa 1.5 ya kila tunachoingiza.

Halafu Mei 2025 Rais akaenda Mukuru, kule Nairobi, kupeana funguo za nyumba za bei nafuu. Nyumba 1,080. Chumba kimoja bei yake Sh640,000, unalipa polepole, kama Sh3,900 kwa mwezi. Ghorofa mpya, maji ndani, choo ndani.

Hapo kelele zikaanza na mpaka leo hazijaisha. Nimezisikia kwa kinyozi, nimezisikia kwa matatu ya Kimumu, nimezisikia kwa beste yangu mwenye shahada anayepanga bidhaa kwa supamaketi. Maneno ni yale yale: "Mimi nalipa bedsita 7,000, maji yanakuja mara mbili kwa wiki, nakatwa ushuru kila mwezi, halafu kuna msee anakaa kwa nyumba niliyomjengea mimi na analipa 3,900. Haki iko wapi?"

Swali ni halali kabisa. Mimi mwenyewe nalipa bedsita 6,500 na mwenye ploti aliongeza 1,000 mwaka jana kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili, hakuna hata salamu. Kwa hivyo sitakuja hapa kukuhubiria eti ufurahie mwenzako akipata. Ninachosema ni kwamba hasira yetu imepiga kona mahali ambapo haikufaa kupiga. Tunamtazama mama wa Mukuru na ufunguo wake, na tunakosa kuwaona watu wawili watatu ambao wamekaa kwa kivuli hapo nyuma yake, wametulia tu, wanakula.

Kwanza tuulizane ni nani hasa serikali inamsaidia hapa Kenya. Kogo yangu (hiyo ni nyanya, kwa wale hamna Mkalenjin kwa simu yenu) amepita miaka 70, kwa hivyo yuko kwa Inua Jamii. Anapata Sh2,000 kwa mwezi. Ni hiyo hiyo 2,000 kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na nyinyi mnajua unga umefanya nini kwa hiyo miaka kumi. Kule Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera kuna mpango wa kukinga familia na njaa, huo unatoa Sh2,700 kwa mwezi. Hizo ndizo pesa ambazo watu huita za bure. Hizo ndizo pesa ambazo kuna mtu atakuambia zinafundisha watu uvivu. Sasa mzee wa miaka 74 atafundishwa uvivu gani ambao bado hajaujua?

Njoo sasa upande wa pili. Kuna kitu kwa sheria ya ushuru wa mapato ambacho hakuna mtu hupigia kelele kwa matatu. Ukichukua mkopo wa benki kununua au kujenga nyumba unayoishi, riba unayolipa inaondolewa kwa mapato yako kabla ya kutozwa ushuru. Zamani kiwango kilikuwa mpaka Sh25,000 kwa mwezi, na mwisho wa 2024 wakaongeza hadi Sh30,000. Fanya hesabu kwa mtu anayetozwa asilimia 30 na anayetumia nafasi hiyo yote. Kila mwezi anabaki na Sh9,000 ambazo angempa KRA. Kwa mwaka ni Sh108,000. Hiyo ni ya mtu ambaye tayari ana mshahara wa kukubaliwa na benki, tayari ana nyumba.

Kogo kwa mwaka anapata Sh24,000.

Na hawa wenye mikopo ya nyumba wako wangapi? Kulingana na Benki Kuu, mikopo ya nyumba kwa nchi nzima ni kama 30,000. Nchi ya watu zaidi ya milioni 47 kwa sensa ya 2019, na mikopo ni elfu thelathini. Usisahau pia wabunge wetu wana mfuko wao wa mikopo ya nyumba wa riba ya asilimia 3, wakati wewe benki ikikukubali itakutajia tarakimu mbili. Hiyo si ruzuku? Ni ruzuku, tena ya nguvu. Tofauti ni kwamba haitangazwi na spika za gari, wala wapokeaji hawapangi foleni na vitambulisho shingoni. Inapita kimya kwa karatasi za ushuru na hakuna mtu anayemwita mbunge mvivu kwa sababu yake. Sawa, humwita majina mengine.

Kwa hivyo mtu akiniambia anachukia watu kusaidiwa na serikali kulipa makao, nitamuuliza kama anawachukia wote ama ni wale maskini peke yao.

Turudi Mukuru, kwa huyo wa 3,900. Kabla ya ghorofa alikuwa wapi? Alikuwa kwa chumba cha mabati, na usidhani alikaa humo bure. Mukuru ilitangazwa eneo maalum la upangaji mwaka 2017, na utafiti uliofanywa wakati huo ulionyesha kitu ambacho wakaazi walijua kitambo. Ukipima kwa lita na kwa yuniti, walikuwa wanalipia maji na stima ghali kuliko watu wa mitaa rasmi, kwa sababu walikuwa wananunua kwa watu wa katikati. Anayekaa Runda anapata maji ya mfereji kwa bei ya kampuni, wa Mukuru ananunua kwa mtungi. Ukiwa maskini kila kitu unauziwa rejareja. Hata hapa kwetu Langas na Munyaka mnaujua huo mchezo, makaa kwa kopo, mafuta kwa kikombe, kodi ya chumba ambacho mwenye ploti alikijenga kwa wiki mbili akarudisha pesa yake na bado anakula.

Hiyo 3,900 si bure, tusidanganyane. Kwa watu wengi wa pale ni karibu ile ile waliyokuwa wanalipa kwa mabati, tofauti ni kwamba sasa kuna choo. Mimi siwezi kukasirikia choo.

Kinachonikasirisha mimi kiko mahali pengine, na ndicho sababu ya hii posti ndefu. Ni hivi: zile nyumba zinauzwa.

Subiri, usinirukie. Najua Mkenya na neno "title deed" ni kama kipepeo na taa. Tumelelewa tukiambiwa kukodi ni kutupa pesa. Lakini fikiria tu taratibu. Wewe na mimi na kinyozi na beste wa supamaketi tunachanga kila mwezi, bila mwisho. Nyumba inajengwa. Inauzwa kwa mtu mmoja, kwa bei nafuu, mara moja. Akimaliza kulipa, hiyo nyumba imetoka mikononi mwa umma milele. Kesho akija maskini mwingine, hakuna nyumba, itabidi tujenge ingine, tuchange tena. Ni bahati nasibu ambayo tiketi tumelazimishwa kununua wote, na ukishinda unabeba jumla. Ndiyo maana jirani anamchukia jirani. Mfumo wenyewe umewekwa hivyo, mmoja apate yote na wengine tisini na tisa wapate risiti.

Na hii filamu tumeshaiona. Dandora, kabla iwe jalala la Nairobi na kabla iwe nyumbani kwa hip hop, ilikuwa mradi wa makao. Mwaka 1975 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha Kenya, na viwanja 6,000 vikawekewa maji, mabomba ya taka na sehemu ya choo, ili watu wa mapato ya chini wajijengee polepole. Wazo zuri, kusema kweli. Lakini baada ya muda wengi waliopewa waliuza, au walijenga vyumba vya kukodisha wakahamia kwingine. Leo ukipita Dandora unaona maghorofa ya kukodisha, na maskini ambaye mradi ulikuwa wake ndiye mpangaji wa chumba cha nyuma. Umoja nayo, iliyojengwa miaka ya 70 kwa msaada wa Marekani, ilikusudiwa watu wa kipato kidogo, ikaishia kwa watu wa kipato cha kati. Si kwamba hao walikuwa wabaya. Ukimpa mtu mwenye njaa kitu cha thamani ya milioni, na kuna mwenye pesa amesimama mlangoni na bahasha, unadhani atafanya nini? Mimi pia ningehesabu bahasha.

Sheria ya 2024 inajua hili. Imeandikwa kwamba mnunuzi hawezi kuuza nyumba yake bila idhini ya maandishi ya Bodi ya nyumba za bei nafuu. Nzuri. Sasa nionyeshe bodi Kenya hii itakayopanda ngazi kila mwezi kuangalia ni nani analala ndani. Mtu haitaji kuuza kwa karatasi. Anakodisha kimya, anapokea kwa M-Pesa, jina kwa mlango linabaki lake.

Nitawapa na mfano ambao haunisaidii, ili msiniambie nimechagua wa kunifurahisha. Septemba 2009, watu wa Soweto Mashariki huko Kibera walihamishwa kwa maghorofa ya Lang'ata wakati mtaa wao unajengwa upya. Hao hawakuuziwa, walikodishiwa, kama 1,000 kwa chumba, na maji na stima juu. Bado wengine walikodisha vyumba vyao kwa watu wengine na wakarudi Kibera, pesa ya juu ikawa ya chakula. Kwa hivyo kukodisha peke yake si dawa. Ukiweka nyumba nzuri ya kodi ya chini katikati ya jiji la kodi ya juu, halafu uziache chache hivyo, kila ufunguo unageuka kuwa biashara. Dawa ni wingi, na kuhesabu watu vizuri. Lakini angalau nyumba ya kukodisha ikikosewa, kesho unaweza kurekebisha, kwa sababu bado ni yetu. Iliyouzwa imekwenda.

Sasa hapa ndipo inanigusa mimi na wengi wenu.

Sheria imegawa watu kwa mapato. Chini ya Sh20,000 kwa mwezi wewe ni wa nyumba za jamii, zile za bei ya chini kabisa. Kuanzia 20,000 hadi 149,000 ni nyumba za bei nafuu zenyewe. Juu ya hapo ni za watu wa kati. Kwa karatasi inapendeza. Lakini mimi nafanya video za harusi, za maduka, za wachungaji wanaotaka kuonekana wakihubiri polepole na muziki wa piano. Desemba nikiwa na harusi nne naweza kushika 60,000. Februari nimewahi kuingiza 8,000 mwezi mzima, na nusu ilikuwa ni deni nililokuwa nadai. Sasa mimi ni wa kundi gani? Desemba mimi ni bosi, Februari mimi ni maskini wa kitabu. Mtu wa boda ni hivyo hivyo, mama wa mtumba hivyo hivyo, fundi wa mjengo akipata mkono wa wiki tatu halafu mvua inyeshe.

Na mtu kama huyo unamwambia aweke akiba ya malipo ya kwanza kwa Boma Yangu, halafu asaini kulipa kila mwezi kwa miaka na miaka bila kuruka. Niko na miaka 22. Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na sijui mwaka ujao nitakuwa Eldoret, Nakuru ama Qatar. Sihitaji nyumba ya kurithisha wajukuu. Nahitaji chumba safi chenye kodi ambayo haipandi kwa ujumbe wa mistari miwili, mahali nitakaa miaka mitatu nijipange, nikitoka aingie mwingine ambaye yuko pale nilipokuwa. Ukiangalia vizuri, hivyo ndivyo vijana wengi wa mjini wanavyoishi. Lakini mpango mzima wa taifa umejengwa kana kwamba sisi sote ni baba wa miaka 40 mwenye ajira ya kudumu.

Halafu kuna ule ukuta wa 20,000. Mwenye 19,500 anaitwa huku, mwenye 20,500 anaambiwa aende kule kwa bei ingine. Unadhani watu watafanya nini? Watasema uongo, na wenye pesa kwa mkono ndio watadanganya kwa urahisi zaidi. Mwalimu ana peislipu, hana pa kujificha. Mwenye maduka matatu ya simu anaweza kuandika anapata 18,000 na hakuna wa kumuuliza. Hii ni moja ya vitu ambavyo mahakama ilikataa mwanzo kabisa: tarehe 28 Novemba 2023 majaji watatu walisema ushuru ule wa kwanza ulikuwa unabagua, unawakamata wa peislipu peke yao. Serikali ikarudi Machi 2024 na sheria mpya inayomgusa kila mtu. Ndiyo maana, kwa wale mlikuwa barabarani Juni 2024, Mswada wa Fedha ulitupwa na huu ushuru ukabaki. Ulikuwa umeshahamia kwa sheria yake peke yake miezi mitatu kabla. Kwa karatasi sasa unatugusa wote. Kwa vitendo, mwalimu bado anakatwa kabla aone pesa na mwenye maduka bado anatabasamu.

Kuna kitu kingine kiliguswa kidogo kisha kikasahaulika. Wazo la kwanza kabisa, kwa mswada wa 2023, lilikuwa ni mchango wako: ungekatwa, na usipopata nyumba ungerudishiwa baada ya miaka saba. Hiyo ikafutwa, ikawa ushuru. Sasa ushuru si mbaya. Ushuru unajenga barabara ambayo pengine hutaipita. Lakini ukishaniambia hii si akiba yangu tena, ni pesa ya umma, basi kinachojengwa nacho kibaki cha umma. Huwezi kuniambia pesa ni yetu sote wakati wa kukata, halafu nyumba ni ya mmoja wakati wa kupeana funguo.

Kuna watu wamefanya tofauti, na si lazima tuwaige kila kitu. Vienna, mji mkuu wa Austria, walianza miaka ya 1920 wakiwa wametoka vitani, hawana kitu. Mwaka 1923 waliweka ushuru wa nyumba, lakini wao hawakukata kila mtu kiwango kimoja kama 1.5 yetu. Wenye majumba makubwa ya kifahari walibebeshwa mzigo mkubwa, wa vyumba vidogo wakatoa kidogo sana. Wakajenga, na hawakuuza. Leo mji huo unamiliki nyumba kama 220,000 na ukijumlisha na zile za vyama vinavyopewa ruzuku, karibu nusu ya watu wa Vienna wanakaa kwa nyumba za aina hiyo. Wanapima mapato yako siku unapoingia. Ukipanda cheo baadaye hufukuzwi, kwa hivyo ngazi moja ina daktari na dereva wa basi. Mpaka 2025 Waaustria walikuwa wanakatwa asilimia 1 ya mshahara kwa ajili ya makao, nusu mfanyakazi na nusu mwajiri. Sisi jumla yetu ni 3.

Uingereza ilienda njia ingine. Ilikuwa na nyumba nyingi za halmashauri, za kodi nafuu. Mwaka 1980, wakati wa Margaret Thatcher, sheria ikawapa wapangaji haki ya kununua kwa punguzo kubwa. Waliowahi walifurahi, na mimi ningefurahi. Lakini zilizouzwa hazikujengwa tena kwa kiasi kile kile, na nyingi ya zile zilizouzwa sasa ziko mikononi mwa watu wanaozikodisha kwa bei ya soko, wakati mwingine kwa familia maskini ambazo kodi yao inalipwa na serikali. Yaani serikali ilijenga nyumba, ikaiuza kwa hasara, na sasa inaikodisha upya kwa bei ya juu. Scotland ilifunga huo mlango 2016, Wales 2019. Sisi ndio tunaufungua.

Nawajua, kuna mtu anacheka tayari: "Kaunti haiwezi kuokota taka, itaweza kusimamia nyumba?" Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote na siwezi kuikwepa. Nyumba za zamani za baraza la jiji Nairobi, Jericho, Kaloleni na zingine, kodi yake ilibaki chini miaka mingi, hakuna aliyepaka rangi, mabomba yakaoza, na kuna walioandikishwa ambao walishahama kitambo wakabaki kuwa wenye nyumba wa nyumba ya serikali. Ukiniuliza, tatizo la pale lilikuwa kodi ya chini isiyobadilika kwa yeyote. Mtu aliingia akiwa karani, akawa meneja, kodi ikabaki ya karani. Na kodi isiyotosha hata kubadilisha bomba si ruzuku, ni kuacha nyumba ife.

Kwa hivyo sisemi kodi iwe 1,000 milele. Nasema iende na mapato. Sehemu fulani ya unachoingiza, tuseme robo, ipimwe upya kila baada ya miaka miwili kwa wastani wa mwaka mzima, ndiyo Desemba yangu na Februari yangu zikutane katikati. Ukipata zaidi, unalipa zaidi, mpaka ufike bei ya soko, hakuna anayekufukuza. Ukipoteza kazi inashuka, hakuna anayekufungia mlango na kufuli. Kila kodi inayoingia sehemu yake iende kwa matengenezo ya jengo hilo hilo, na orodha ya wanaoishi ndani ibandikwe mahali wapangaji wenyewe wanaiona, kwa sababu hakuna mkaguzi kama jirani. Huwezi kumdanganya mama wa nyumba namba nne kuhusu nani analala namba tano.

Je, wale wanaotaka kununua? Wauziwe. Jenga za kuuza kwa wenye 60,000 na 100,000, wanazitaka na wanaweza. Lakini zile za chini ya 20,000, zile ambazo ndizo sababu tuliambiwa tunakatwa, hizo zisiuzwe hata moja. Katiba yetu, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makao yanayofikika na yenye hadhi. Haisemi hati ya kumiliki. Inasema makao.

Na Eldoret ndio mahali pa kuanza kuuliza hili mapema. Tulipewa cheti cha jiji tarehe 15 Agosti 2024, tukapiga picha, tukapiga honi, na sijui kama ni jina tu ama ni nini lakini wenye ploti walikuwa wa kwanza kuelewa maana ya neno jiji. Watoto wa chuo wanajaza Annex, Kimumu na Chepkoilel, wa kazi za hospitali wanataka karibu na mjini, na aliyekuwa anaweza kukaa hapo anasukumwa Maili Nne, kisha anasukumwa tena. Kila kilomita anayosukumwa ni nauli. Msichana anayefagia duka mjini alianzia hapa karibu akitembea, sasa analipa 100 kwa siku kwenda na kurudi, siku 26, hiyo ni 2,600 kwa mwezi. Ukiiongeza kwa kodi yake ya "bei rahisi" ya mbali, unakuta analipa sawa na mimi.

Wakija kwa vikao vya kukusanya maoni, na lazima waje kwa sababu sheria inawalazimisha, mtu mmoja asimame aulize kila mradi wa hapa mjini nyumba ngapi ni za kukodisha. Si ngapi zimejengwa, hiyo watakuambia bila kuulizwa, na picha za droni watakuonyesha. Ngapi ni za kukodisha, kodi yake itapangwa na nani, na mwenye mapato ya kupanda na kushuka atapimwaje.

Mimi kwa sasa nakusanya kitu kidogo. Nitumie mtaa wako hapa Eldoret, aina ya nyumba, kodi unayolipa leo na uliyokuwa unalipa ulipoingia. Sitaki jina lako wala la mwenye ploti. Tayari niko na 41, na bedsita ya Kimumu iliyopanda mara tatu tangu 2023 bado inaongoza.